Benki Mia Nne katika Sanduku Moja la Barua

Mkulima wa pamba aijua hasara inayoletwa na jirani mmoja. Mtu mmoja akitia mchanga au maji katika pamba yake ili iongezeke uzito kwenye mzani, kiwanda cha kuchambua pamba hakitamtafuta yeye peke yake. Kitaishusha daraja pamba ya chama kizima, na msimu ujao mnunuzi atapita ghala la chama hicho bila kusimama. Aliyepata faida ya ujanja ni mmoja. Wanaolipa ni wote, na hasa wale ambao pamba yao ilikuwa safi.

Jambo hilohilo hutokea katika fedha za mataifa. Katika miaka ya karibuni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo wameona fomu zikiongezeka: namba ya kitambulisho, mahali pa kuishi, kazi, na chanzo cha fedha inayowekwa. Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu kuhusu fedha haramu mwezi wa Oktoba 2022, ikaondolewa mwezi wa Juni 2025. Kenya iliingizwa katika orodha hiyo mwezi wa Februari 2024. Mwanachama aliyeweka shilingi elfu ishirini ana haki ya kuuliza: orodha hiyo ni ya nani, na yamhusu nini yeye?

Ili jibu lieleweke vema, makala haya yanaeleza habari za kisiwa kimoja kilicho mbali sana na Afrika, ambako orodha ya namna hiyo iliwahi kuigusa nchi nzima hadi mfukoni mwa mtu wa mwisho. Kisiwa hicho ni Nauru.

Kisiwa na utajiri wake

Nauru iko katika bahari ya Pasifiki, karibu na mstari wa Ikweta. Eneo lake lote ni kilometa 21 za mraba, na watu wake ni elfu kumi na kitu tu. Zipo kata nyingi katika mikoa yetu zenye watu wengi kuliko jamhuri hiyo. Hata hivyo ni nchi kamili, yenye bunge, rais na kiti katika Umoja wa Mataifa.

Utajiri wa Nauru ulikuwa chini ya udongo: miamba ya fosfeti, ambayo hutengenezewa mbolea ya chumvichumvi. Wajerumani waliokuwa wakitawala kisiwa hicho, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza, Waaustralia na Wanyuzilandi kwa pamoja, waliruhusu miamba hiyo ichimbwe na kupelekwa kurutubisha mashamba ya mbali kwa bei ndogo. Nauru ilipata uhuru tarehe 31 Januari 1968, rais wake wa kwanza akiwa Hammer DeRoburt, na mwaka 1970 shirika la taifa likachukua uchimbaji mikononi mwake. Kwa muda wa miaka kadhaa Wanauru walihesabiwa miongoni mwa watu wenye mapato makubwa kabisa duniani. Hawakulipa kodi ya mapato.

Viongozi wa kisiwa walijua kuwa fosfeti itakwisha. Kwa hiyo sehemu ya mapato iliwekwa katika mfuko wa amana, ili vizazi vitakavyofuata viishi kwa faida yake. Shabaha ilikuwa njema, lakini utunzaji wake ukawa mbaya. Fedha zilijenga jumba la ghorofa 52 katika mji wa Melbourne, zikanunua hoteli na ndege nyingi kupita abiria waliokuwapo, na mwaka 1993 zikagharamia mchezo wa kuigiza wenye nyimbo jijini London, ambao haukurudisha gharama zake. Mfuko uliokadiriwa kuwa na kiasi cha dola bilioni moja za Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaanza kuliwa na madeni. Wakati huohuo karibu asilimia 80 ya ardhi ya kisiwa ilikuwa imekwisha kuchimbwa, ikabaki minara ya mawe isiyoota mazao.

Nchi ikawa haina shamba, haina kiwanda, wala haina fosfeti ya kutosha. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinauzika, nacho ni ile hadhi ya kuwa nchi.

Biashara ya kuuza leseni

Nchi yoyote huru ina uwezo wa kutunga sheria na kutoa leseni ya benki. Katika hali ya kawaida leseni hiyo hutolewa baada ya uchunguzi: wenye benki ni akina nani, mtaji wao umetoka wapi, nani atakagua hesabu zao, na wenye akiba watalindwaje. Leseni ni ahadi ya serikali kwa watu wengine kwamba mambo hayo yamekwisha kutazamwa.

Visiwa vingi vidogo vya Karibiani, vya Pasifiki na vya Bahari ya Hindi viliona kwamba ahadi hiyo yaweza kuwa bidhaa. Viliandika sheria za kuanzisha yanayoitwa mabenki ya ng'ambo. Benki ya ng'ambo huandikishwa kisiwani lakini hairuhusiwi kufanya kazi na wananchi wa kisiwa hicho. Wateja wake wako nchi nyingine, na fedha zake ziko nchi nyingine. Kisiwa hupata ada ya leseni kila mwaka. Mwenye benki hupata kodi ndogo au kutotozwa kodi kabisa, na zaidi ya hayo hupata siri.

Si kila benki ya ng'ambo ni ya wezi. Baadhi ya visiwa viliweka wakaguzi wa kweli, vikataka wenye benki wawe na ofisi na watumishi, na biashara hiyo ikawapatia wananchi ajira halali. Ubaya huanza pale kisiwa kinapopokea ada bila ya kutazama kilicho nyuma ya jina. Hapo huzaliwa benki ya jina tupu: haina jengo, haina karani, haina daftari linaloweza kufunguliwa mbele ya mkaguzi.

Nauru ilifika huko. Katika miaka ya 1990 iliandikisha mabenki ya namna hiyo yapatayo 400, nayo yote yalikuwa na anwani moja ya shirika la serikali, na sanduku moja la barua. Kwa hesabu hiyo, kila Wanauru thelathini hivi, watoto wachanga wakiwa ndani yake, walikuwa na benki moja, wala hapakuwa na hata moja kati ya hizo ambayo wangeweza kuweka akiba yao.

Naibu Mwenyekiti wa Benki Kuu ya Urusi, Viktor Melnikov, alieleza kwamba mwaka 1998 fedha za kiasi cha dola bilioni 70, yaani dola milioni 70,000, zilikuwa zimehamishwa kutoka mabenki ya Urusi kwenda katika akaunti za mabenki yaliyoandikishwa Nauru. Fedha hizo hazikukanyaga kisiwa. Hazikujenga shule wala zahanati Nauru. Zilipita katika vitabu tu, na zilipokwisha kupita hapakuwa na mtu awezaye kusema zilikuwa za nani: kama ni kodi iliyokwepwa, mali ya umma iliyoibwa, au faida halali ya mfanyabiashara mwoga. Kisiwa kilibakiwa na ada ndogo na jina baya.

Orodha isiyo na askari

Mwaka 1989 wakuu wa mataifa saba yenye viwanda vingi walipokutana Paris waliunda chombo cha kupambana na utakasishaji wa fedha haramu. Utakasishaji ni kuifanya fedha ya uhalifu ionekane kuwa ya halali kwa kuipitisha katika akaunti nyingi mpaka asili yake isahaulike. Chombo hicho hujulikana kwa herufi FATF. Mwaka 1990 kilitoa mapendekezo 40 ambayo nchi zote zilitakiwa kuyafuata: kumtambua mteja, kutunza kumbukumbu, na kutoa taarifa za miamala yenye shaka.

FATF haina askari, haina mahakama wala gereza. Nguvu yake iko katika orodha. Mwezi wa Juni 2000 ilitangaza majina ya nchi na maeneo 15 yaliyosemekana hayashirikiani na wenzao. Kati ya hayo 15, tisa yalikuwa visiwa vidogo: Bahamas, Cayman, Cook, Dominica, Marshall, Nauru, Niue, St. Kitts na Nevis, na St. Vincent na Grenadines. Mwezi huohuo shirika jingine la nchi tajiri, OECD, lilitaja maeneo 35 kuwa ni makimbilio ya wakwepa kodi, na sehemu kubwa ya hayo pia ilikuwa visiwa.

Msomaji aweza kuuliza, orodha itamdhuru nani ikiwa haina askari? Jibu liko katika namna fedha zinavyosafiri.

Fedha za kigeni hazibebwi kwa magunia kutoka nchi hadi nchi. Benki ya Dar es Salaam ikitaka kumlipa kwa dola muuza matrekta aliye India, huandikia benki ya New York ambayo imefungua akaunti huko. Benki ya New York hupunguza kiasi hicho katika akaunti ya benki ya Dar es Salaam, ikakiongeza katika akaunti ya benki ya India. Hiyo ya New York ndiyo benki mwenzi. Nchi ambayo mabenki yake hayana benki mwenzi ni kama chama chenye mazao ghalani lakini hakina barabara. Mali ipo, wala haifiki popote.

Orodha inapotangazwa, benki mwenzi huambiwa iwe na tahadhari kubwa. Tahadhari ina gharama: watumishi wa kuchunguza, mawakili, na hatari ya kutozwa faini kubwa. Mkuu wa benki hufanya hesabu. Faida inayotoka kisiwa cha watu elfu kumi ni ndogo, hasara yaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo hachambui nani safi na nani mchafu, bali huifunga akaunti ya nchi nzima. Tayari mwishoni mwa mwaka 1999, kabla hata ya orodha kutangazwa, baadhi ya mabenki makubwa yalikuwa yamekwisha kusimamisha malipo ya dola kwenda Nauru na visiwa jirani vya Palau na Vanuatu.

Mlango unapofungwa

Nauru ilitunga sheria ya kuzuia utakasishaji mwaka 2001, lakini mabenki ya jina tupu yakaachwa yaendelee. Mwezi wa Desemba 2001 FATF ikazitaka nchi wanachama wake zichukue hatua za adhabu dhidi ya kisiwa hicho. Mwaka huohuo Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba, ilitunga sheria iliyokataza mabenki yake kushika akaunti za benki yoyote isiyo na ofisi wala msimamizi. Desemba 2002 Wizara ya Fedha ya Marekani ikaitangaza Nauru kuwa ni tishio kubwa katika jambo hilo.

Hapo kisiwa kikasalimu amri. Mwaka 2003 sheria ya mabenki ya ng'ambo ilifutwa na leseni zote zikafa. Adhabu ziliondolewa Oktoba 2004, na jina la Nauru likafutwa katika orodha Oktoba 2005. Kwa upande wa wasimamizi wa fedha wa dunia, kazi ilikuwa imekwisha vizuri.

Kwa upande wa Wanauru haikuwa hivyo. Ilikuwapo benki moja ya kweli, Benki ya Nauru, mali ya serikali, ambamo watu waliweka mishahara yao na malipo ya ardhi iliyochimbwa fosfeti. Benki hiyo ilikuwa imedhoofishwa tangu zamani na mikopo iliyotolewa kwa serikali na mashirika yake, mikopo isiyorudi. Madirisha yake yalipokosa fedha, wenye akiba walikwenda na vitabu vyao wakarudi mikono mitupu. Tarakimu zilikuwa bado zimeandikwa katika vitabu, fedha haikuwapo. Jumba la Melbourne liliuzwa mwaka 2004 kwa sababu ya madeni, na mwishoni mwa mwaka 2005 ndege ya mwisho ya shirika la taifa ikachukuliwa na wadai.

Yafaa kusema kweli: si orodha iliyoivunja Benki ya Nauru. Ilivunjwa na ukopaji wa wakubwa wake. Lakini orodha, na jina lililochafuka, vilifanya iwe vigumu kupata benki nyingine ya kuja kuziba pengo. Kwa miaka mingi kisiwa kiliishi bila benki ya kawaida. Mishahara ililipwa kwa noti, noti ziliwekwa majumbani, na aliyetaka kumtumia mtoto wake fedha ya shule nchi ya nje alitegemea msafiri. Ni mwaka 2015 tu ambapo wakala wa benki moja ya Australia alifungua dirisha. Benki hiyo nayo ilipotangaza kuondoka, ilibidi serikali ya Australia iingie. Desemba 2024 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba ambao, pamoja na msaada wa fedha, uliahidi kwamba Commonwealth Bank ya Australia itapeleka huduma kisiwani. Na Nauru kwa upande wake ilikubali kushauriana na Australia katika mambo ya usalama na ya mabenki. Hata dirisha la kuwekea akiba likawa jambo la mkataba kati ya serikali na serikali.

Wakati huohuo pengo la mapato ya leseni lilihitaji kuzibwa. Tangu mwaka 2001 Nauru imekuwa ikilipwa na Australia kuwaweka kisiwani wakimbizi na waomba hifadhi ambao Australia haikutaka wafike kwake. Nchi iliyokuwa ikiuza anwani yake kwa fedha za wageni ikaanza kuuza ardhi yake kwa ajili ya kuwazuia watu. Ndiyo hali ya mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha kuuza.

Je, mizani ni sawa?

Ingekuwa si haki kuwalaumu Wanauru peke yao. Sheria za fedha za dunia zilitungwa na nchi kubwa, na nchi kubwa hazikujipima kwa mizani ileile. OECD ilipoandika taarifa yake ya kwanza juu ya kodi mwaka 1998, Uswisi na Luxembourg, ambazo ni wanachama wake, zilikataa kuunga mkono, wala hazikutajwa katika orodha ya mwaka 2000. Nchini Marekani jimbo dogo la Delaware liliandikisha kwa miaka mingi kampuni nyingi sana bila ya kuuliza mwenyewe hasa ni nani. Sheria ya Marekani ya kuwataka wenye kampuni wajitaje ilipitishwa mwaka 2021. Ilipofika Machi 2025 Wizara ya Fedha ya nchi hiyo ikaziondolea wajibu huo kampuni zilizoandikishwa humo nchini.

Mwaka 2012 watafiti Michael Findley, Daniel Nielson na Jason Sharman walitangaza matokeo ya jaribio kubwa. Waliwaandikia maajenti zaidi ya 3,700 katika nchi 182, wakijifanya wateja wanaotaka kampuni isiyoonyesha mmiliki. Walikuta kwamba maajenti wa visiwa na nchi zinazoitwa makimbilio ya kodi waliomba vitambulisho mara nyingi zaidi kuliko maajenti wa nchi tajiri. Aliyeadhibiwa alikuwa amejifunza. Aliyeandika sheria alikuwa bado.

Hata miongoni mwa visiwa, mzigo haukulingana. Bahamas na Cayman, zenye mawakili, wahasibu na wakaguzi wa kutosha, zilirekebisha sheria zao zikaondolewa katika orodha mwezi wa Juni 2001, mwaka mmoja tu baada ya kutajwa, na biashara yao ikaendelea. Niue, yenye watu wasiofika elfu mbili, iliona nafuu kuifunga biashara hiyo kuliko kuajiri wakaguzi. Karibu na pwani yetu, Shelisheli ilitunga mwaka 1995 sheria ya kumpa kinga ya kutoshtakiwa mgeni atakayeleta dola milioni 10. FATF iliilaani sheria hiyo hadharani mwaka 1996, na mwaka 2000 ikafutwa. Mauritius, ambayo biashara yake ni kubwa na iliyopangwa vema, nayo iliingizwa katika orodha ya uangalizi Februari 2020 ikatoka Oktoba 2021, baada ya kazi nyingi.

Kwa hiyo kanuni moja huwapata wakubwa na wadogo kwa namna mbili. Mkubwa hulipa gharama ya wakaguzi akabaki sokoni. Mdogo hana cha kulipia. Na mabenki wenzi yameendelea kupungua: kati ya mwaka 2011 na 2018 idadi yake duniani ilishuka kwa kadiri ya moja ya tano, na visiwa vya Pasifiki vimekuwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi.

Malalamiko hayo ni ya haki, na serikali za nchi ndogo zinapaswa kuyasema katika mikutano. Lakini malalamiko hayafungui akaunti iliyofungwa. Aliyetia maji katika pamba hawezi kujitetea kwa kusema kuwa mwenye kiwanda naye huchezea mizani, hata kama ni kweli.

Yanayohusu vyama vya msingi

Chama cha akiba na mikopo ni kisiwa kidogo. Kina wanachama mia kadhaa, sheria zake, kamati yake na muhuri wake, nacho hutegemea benki iliyo mjini kama vile Nauru ilivyotegemea mabenki wenzi. Muhuri wa chama una thamani kwa sababu moja tu, kwamba wengine wanaamini kuna mtu aliyetazama kabla ya kuupiga. Mambo manne yafaa yazingatiwe na kila halmashauri.

Kwanza, daftari la wanachama. Kila jina liwe la mtu anayejulikana, mwenye kitambulisho, makazi na kazi inayofahamika. Majina ya marehemu yasiyofutwa, na majina yaliyoandikwa ili kujaza idadi, ndiyo mabenki ya jina tupu ya kijijini. Mtu akileta hisa au amana kwa niaba ya mwingine, huyo mwingine aandikwe. Sheria za siku hizi humwita mmiliki manufaa, yaani yule ambaye mali ni yake hasa hata kama jina lililoandikwa ni la mtu mwingine.

Pili, amana isiyolingana na mwenyewe. Mwanachama ambaye kwa miaka huweka elfu ishirini kwa mwezi, kisha siku moja akaleta milioni thelathini taslimu na kutaka azihamishe juma lijalo, aulizwe kwa adabu zimetoka wapi. Kama ameuza shamba, hati ya mauzo ipo. Asipokuwa na jibu, katibu aandike taarifa na kuifikisha kunakohusika kwa utaratibu uliowekwa, bila ya kumtangaza mtu huyo mitaani. Jambo hili ni gumu zaidi pale mwenye fedha anapokuwa mtu mkubwa wa mahali hapo. Wenye benki zile 400 nao hawakuwa watu wadogo.

Tatu, ukopaji wa viongozi. Akiba ya Wanauru haikuliwa na Warusi. Ililiwa na mikopo iliyotolewa kwa wale waliokuwa na funguo. Chama kisichowadai wajumbe wa halmashauri yake kama kinavyomdai mwanachama wa kawaida kimekwisha kuanza safari ileile. Orodha ya mikopo ya viongozi isomwe katika mkutano mkuu, kwa majina na kwa tarakimu, pamoja na marejesho yake.

Nne, wanyonge wasifukuzwe. Kanuni hizi hazikukusudiwa kumzuia bibi kizee asiye na kitambulisho kuweka fedha ya mbuzi wake mmoja. Mwezi wa Februari 2025 FATF yenyewe ilirekebisha maelekezo yake, ikisisitiza kwamba hatua zilingane na ukubwa wa hatari, na kwamba watu wa kipato kidogo wasifungiwe nje ya huduma za fedha. Pale sheria ya nchi inaporuhusu barua ya serikali ya kijiji na ushahidi wa wanaomfahamu mtu, njia hiyo itumike. Karani anayemrudisha nyumbani mwenye elfu tano kwa ukosefu wa karatasi, kisha akampokea mwenye milioni bila swali, amezigeuza kanuni juu chini.

Fomu zinazolalamikiwa zina kazi. Siku benki ya mjini itakapoulizwa na benki mwenzi yake kuhusu fedha zinazotoka katika chama fulani cha wilayani, jibu halitatafutwa Paris wala New York. Litatafutwa katika kabati la katibu, ndani ya daftari la wanachama. Likikutwa limejazwa, limesahihiwa na kukaguliwa, kazi ya siku hiyo itaendelea na mwenye kadi ya chama atapewa fedha yake dirishani.